Maswali ya Wasomaji: Rejeta ya Baridi Si Lazima Iwe na Trapu Mbovu

SWALI: Ndugu Mhandisi, salamu nyingi kutoka Bronx, New York. Mimi ni msimamizi wa jengo la zamani la ghorofa sita ambalo hupashwa joto kwa mvuke. Kila rejeta, yaani chombo cha chuma kinachopasha chumba joto, ina mabomba mawili, moja la kuingiza mvuke na jingine la kurudisha maji kwenye tangi lililo chini ya jengo. Tangu majira ya baridi yaliyopita, fleti nyingi za mstari mmoja wa upande wa kaskazini, yaani zilizopangana moja juu ya nyingine, hazipati joto la kutosha, mabomba yanagonga usiku hadi watoto wanaamka, na kwenye bomba la kupumulia la tangi kunatoka mvuke mweupe muda wote boila inapowaka. Msimamizi aliyenitangulia alipandisha presha ya boila kutoka paundi 2 hadi paundi 8 kwa inchi ya mraba, lakini hali haikubadilika. Sasa mwenye jengo ameniruhusu kununua trapu mpya, yaani vali ndogo za kutoa maji na kuuzuia mvuke, kwa ajili ya rejeta tisa zilizo baridi. Je, nizibadilishe hizo tisa kwanza?

JIBU: Ndugu yangu, kabla fedha hizo hazijatumika, ni vyema ujue kwamba huenda trapu za rejeta hizo tisa ni nzima kabisa, na kwamba zilizokufa ziko katika fleti ambazo wapangaji wake hawajawahi kukulalamikia, kwa sababu wao wana joto tele. Dalili zote tatu ulizozitaja, yaani baridi ya mstari karibu mzima, mabomba kugonga na mvuke kutoka kwenye tangi, zinaonyesha tatizo moja: mvuke umeingia katika bomba la kurudishia maji, mahali ambapo haupaswi kufika.

Kazi ya trapu ya rejeta ni kupitisha hewa na maji huku ikiuzuia mvuke usitoke. Ndani yake kuna kapsuli ndogo ya chuma chembamba, au mvukuto wa shaba katika zile za zamani, iliyojazwa kimiminika kinachochemka kwenye joto lililo chini kidogo ya joto la mvuke. Boila inapowashwa asubuhi, rejeta imejaa hewa na trapu iko wazi kwa kuwa ni ya baridi, hivyo mvuke unaoingia huisukuma hewa hiyo mbele yake hadi itoke kupitia trapu. Mvuke wenyewe unapoifikia trapu, kimiminika huchemka, kapsuli hutanuka na tundu huzibwa. Baadaye mvuke uliokwisha kutoa joto lake hugeuka maji, maji hukusanyika mbele ya trapu na kupoa nyuzi chache, kapsuli husinyaa, maji hutoka, na kazi huanza upya.

Sasa fikiria trapu moja tu ya ghorofa ya pili ambayo kapsuli yake imepasuka na kubaki wazi. Rejeta yake itakuwa ya moto kweli kweli, lakini mvuke utapita ndani yake moja kwa moja na kuingia katika bomba la marejeo ambalo fleti zote za mstari ule hulitumia kwa pamoja. Hapo presha ya bomba la marejeo hupanda na kukaribia ile ya bomba la kuingiza mvuke. Kwa kuwa hewa ya rejeta ya jirani hutoka kwa sababu ya tofauti ya presha kati ya pande hizo mbili, tofauti hiyo ikipotea hewa haina pa kwenda, na rejeta hubaki baridi hata kama trapu yake ilinunuliwa jana. Tena mvuke huo uliopotea njia huzipasha trapu za majirani kutokea nyuma, nazo hujifunga kama zilivyoumbwa kufanya. Ndiyo maana nasema uanze uchunguzi wako kwenye fleti zenye joto jingi, na uulize ni nani katika mstari ule anayefungua madirisha katikati ya mwezi wa Januari.

Kugonga kwa mabomba kunatokana na chanzo hicho hicho. Kilo moja ya mvuke katika presha ya kawaida huchukua nafasi takriban mara 1,600 zaidi ya kilo moja ya maji, kwa hiyo mvuke unapokutana na maji yaliyopoa ndani ya bomba la marejeo husinyaa ghafla na kuacha ombwe, na maji hukimbilia kulijaza kwa nguvu hadi yanapogonga ukuta wa bomba au kiungo. Pigo hilo husikika jengo zima, na pia huvunja kapsuli za trapu zilizokuwa bado nzima. Trapu mbovu huzaa trapu mbovu, na hapa ndipo ninapopingana na desturi ya kubadilisha moja moja kadiri malalamiko yanavyokuja: ile mpya uliyoiweka wiki hii itapigwa na maji ya ile mbovu uliyoiacha kwa jirani, na baada ya misimu miwili utarudi pale pale ulipoanza.

Kuhusu presha, paundi 8 hazikusaidia wala hazitasaidia. Majengo mengi ya mabomba mawili yalisanifiwa kufanya kazi kwa paundi 2 au pungufu, na hata jengo la Empire State, lililofunguliwa mwaka 1931, hupashwa joto kwa paundi chache tu. Mtu anapopandisha presha ili kuilazimisha rejeta baridi ipate moto, presha ya bomba la marejeo nayo hupanda kupitia trapu zilizo wazi, tofauti inabaki ndogo kama mwanzo, na kinachoongezeka ni gharama ya mafuta au gesi pamoja na uzito wa yale mapigo. Utakapomaliza kazi ya trapu, irudishe boila kwenye paundi 2 au chini zaidi. Trapu zikiwa nzima, presha ndogo itafika hadi ghorofa ya sita.

Ushauri wangu, basi, ni kubadilisha trapu zote za mstari ule kwa mara moja, kuanzia ghorofa ya kwanza hadi ya sita, zilizo baridi na zilizo moto, pamoja na trapu kubwa ya boya (ile inayofunguliwa na boya linaloinuliwa na maji) iliyo chini kabisa ambako mstari huo humwaga maji yake. Ikiwezekana, mwenye jengo apange fedha ili mistari mingine ifuate kwa zamu. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba katika mifumo ya mvuke ambayo haikufanyiwa matengenezo kwa miaka 3 hadi 5, kati ya asilimia 15 na 30 ya trapu huenda zimekwisha haribika. Jengo lako limekaa muda gani bila kuguswa unajua wewe.

Tofauti na wengi wanavyofikiri, si lazima kununua trapu nzima, na mara nyingi ni kosa kufanya hivyo. Trapu huungwa kwenye rejeta kwa yunioni, yaani kiungo cha nusu mbili, na nusu moja ya yunioni hiyo imekazwa ndani ya rejeta tangu jengo lilipojengwa. Nusu ya kampuni moja haikubali nusu ya kampuni nyingine, kwa hiyo ukileta trapu mpya itakubidi uing'oe ile ya ndani kwa ufunguo maalumu unaoshika vinundu vilivyomo ndani yake, na rejeta ya chuma cha kusubu yenye umri mkubwa inaweza kupasuka mikononi mwako. Acha mwili wa trapu mahali pake kama haujaliwa na kutu wala hauvuji, ubadilishe vya ndani tu, yaani kapsuli na kiti chake, mahali ambapo kapsuli hukaa inapoziba tundu. Zipo kampuni kama Tunstall na Barnes & Jones zinazotengeneza vya ndani vinavyoingia katika miili ya trapu za kampuni nyingine, zikiwemo kampuni ambazo hazipo tena. Soma maandishi yaliyosubiwa juu ya kifuniko, uyapige picha, upime kipenyo cha kifuniko, na uagize kulingana na hayo. Katika jengo moja unaweza kukuta aina tatu, kwa hiyo usikisie kwa kuangalia fleti moja.

Siku ya kazi, zima boila na ufunge swichi yake kwa kufuli ili mtu asiiwashe ukiwa ghorofani. Kufunga vali ya rejeta peke yake hakutoshi, kwa sababu umekwisha kuona kwamba mvuke unaweza kukujia kutokea upande wa marejeo. Subiri mabomba yapoe hadi kuwa vuguvugu, maana kifuniko chenye uvuguvugu hufunguka kwa urahisi kuliko kilichopoa kabisa. Shika mwili wa trapu kwa spana moja na ukizungushe kifuniko kwa spana ya pili, ili nguvu yako isiende kukipinda kipande kinachoingia kwenye rejeta. Kifuniko kikitoka, chunguza ulichokitoa: kapsuli iliyopasuka huwa na ufa mwembamba kwenye mshono au imebonyea upande mmoja, na juu ya kiti unaweza kuona mfereji mwembamba unaong'aa, uliochimbwa na mvuke wenye matone ya maji uliopita hapo miaka kwa miaka. Kiti chenye mfereji wa namna hiyo hakitazibika hata ukiweka kapsuli mpya, ndiyo maana nimesema ubadilishe vyote viwili. Ondoa tope jeusi lililotuama chini, futa sehemu ambayo kifuniko hukalia hadi iwe safi, weka gasketi mpya kama aina hiyo hutumia gasketi, kisha kaza.

Jihadhari na jambo moja ambalo ni la afya. Mabomba ya majengo ya umri huo mara nyingi yamevikwa vifuniko vya kuhifadhi joto vyenye asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ukiona kitambaa cheupe au kijivu kilichopigwa lipu kuzunguka bomba, usikivunje wala usikifagie. Waite watu wenye leseni ya kazi hiyo.

Katika jiji la New York msimu wa kupasha joto majumbani ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, kwa hiyo kazi kubwa ifanyike wakati wa kiangazi, ila vipimo vyote vikamilike kabla Mei haijaisha, kwani trapu haiwezi kupimwa pasipo mvuke. Kama huwezi kusubiri, sheria inadai nyuzi 68 za Farenhaiti ndani ya nyumba kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku iwapo nje ni chini ya nyuzi 55, hivyo chagua siku ambayo nje kuna joto zaidi ya hapo, na umalize mstari mzima kabla ya saa 4 usiku, maana baada ya hapo hutakiwa nyuzi 62 bila kujali hali ya nje.

Mwisho, shuka chini ukaangalie kama kuna trapu iliyofungwa kwenye bomba kuu la marejeo karibu na tangi. Watu huiweka hapo ili kuuzuia mvuke usifike kwenye tangi, baada ya kuchoka kuzifuata trapu za fleti. Inaficha mvuke mweupe, lakini huyageuza mabomba yote ya marejeo kuwa mabomba ya mvuke. Trapu za fleti zikishatengenezwa zote, iondoe.

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi ni fundi katika kiwanda cha chai, Kericho, Kenya. Hewa ya kukaushia chai tunaipasha moto kwa redieta za mvuke wa presha ya bar 7 unaotoka kwenye boila ya kuni. Trapu za boya zilipoharibika, ofisi ilinunua trapu za kisahani kwa kuwa ni ndogo na bei yake ni nafuu. Tangu hapo hewa haifikii joto tunalotaka hadi tufungue baipasi, yaani njia inayoizunguka trapu, na tukiifungua kuni zinakwisha haraka. Redieta tatu zinatumia trapu moja. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu fundi, trapu ya kisahani ni chombo imara na ina mahali pake, ambapo ni kwenye mabomba makuu ya mvuke, kutoa maji machache yanayojikusanya njiani. Hufanya kazi kwa kufunguka na kufunga kwa mikupuo, na haitoi hewa vizuri mvuke unapoanza kuingia kwa kasi asubuhi. Redieta ya kukaushia inazalisha maji mfululizo, na kila lita inayobaki ndani yake huifunika sehemu ya mabomba ambayo ingekuwa inatoa joto. Kazi hiyo inahitaji trapu ya boya yenye njia ya hewa ndani yake, kwa sababu boya hupanda na kushuka kufuata maji yanavyokuja, na maji hutoka yakiwa bado na joto la mvuke bila kusubiri yapoe. Kwa sababu hiyo hiyo, hata trapu ya kapsuli niliyomweleza ndugu wa Bronx haifai kwako.

Jambo la redieta tatu kwa trapu moja nalichukulia kuwa kubwa kuliko aina ya trapu yenyewe. Redieta ya kwanza inayokutana na hewa baridi hugeuza mvuke mwingi kuwa maji, kwa hiyo presha ndani yake hushuka kuliko ya zile mbili nyingine. Zikiungwa pamoja, ile yenye presha kubwa huifunga njia ile yenye presha ndogo, na redieta iliyokuwa na kazi nyingi zaidi ndiyo hujaa maji. Kila redieta iwe na trapu yake, iliyo chini ya mdomo wa kutolea maji, yenye chujio mbele yake na, nyuma yake, vali ya kuzuia maji yasirudi.

Ukubwa wa trapu usiuchague kwa kuangalia kipenyo cha bomba. Uliza mambo mawili: redieta hutoa kilo ngapi za maji kwa saa, na tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya trapu ni kiasi gani wakati vali ya mvuke imebanwa, si wakati imefunguliwa yote. Kisha chagua trapu inayoweza kupitisha angalau mara mbili ya kiasi hicho, maana asubuhi chuma kikiwa baridi maji huwa mengi. Kama bomba lako la marejeo linapanda juu ya dari, kumbuka kwamba kila mita 10 za kupanda hula takriban bar 1. Siku vali ya mvuke inapobanwa hadi presha ya ndani ya redieta ikawa ndogo kuliko hiyo, hakuna trapu ya bei yoyote itakayotoa maji. Hapo dawa ni kuyaacha maji yateremke yenyewe hadi kwenye tangi lililo chini, kisha pampu iyapandishe.

Baipasi ifungwe leo. Kwa hesabu za ile ile Wizara ya Nishati ya Marekani, tundu la thumuni ya inchi, yaani milimita 3 hivi, kwa presha ya paundi 100, ambayo inakaribia bar 7 zenu, hupoteza takriban kilo 24 za mvuke kwa saa. Kiwanda kinachokausha usiku na mchana hupoteza zaidi ya kilo 500 kwa siku kupitia tundu hilo dogo, na baipasi iliyofunguliwa ni pana kuliko hapo. Mvuke huo tena unaingia katika bomba la marejeo la redieta nyingine na kuzipandishia presha, kama ilivyo kwa majirani wa Bronx. Waonyeshe ofisi hesabu ya kuni za mwezi mmoja kando ya bei ya trapu tatu za boya, na nadhani hawatahitaji maelezo marefu.

SWALI: Nipo Toronto, Kanada, ninasaidia kutunza kanisa letu lenye rejeta za mvuke za mabomba mawili. Nimenunua kipimajoto cha kulenga kwa mwanga mwekundu ili nizitambue trapu mbovu, lakini trapu za shaba zinaonyesha nyuzi 45 za Selsiasi ilhali nikizigusa zinaniunguza. Je, kifaa ni kibovu?

JIBU: Kifaa ni kizima, ila shaba inayong'aa hutoa mionzi michache ya joto lake yenyewe na huakisi ile ya chumba, kwa hiyo unachosoma kwa sehemu kubwa ni joto la ukuta ulio mbele yako. Bandika utepe mweusi usiong'aa, unaostahimili joto, mahali pamoja kwenye kila trapu, au paka rangi nyeusi kidogo, kisha pima hapo kwa umbali ule ule. Kipimajoto cha kubana kwenye bomba ni bora zaidi.

Hata hivyo usiamini kipimo kimoja. Mvuke wa paundi 2 una nyuzi 104 hivi, na maji yanayotoka katika trapu nzima yanaweza kufika zaidi ya nyuzi 90, kwa hiyo ukipima mdomoni mwa trapu tofauti ni ndogo mno. Pima kwenye bomba la marejeo, mita moja au zaidi baada ya trapu, boila ikiwa imewaka muda wa kutosha, na urudie mara kadhaa: trapu nzima hupanda na kushuka kadiri inavyofungua na kufunga, iliyobaki wazi hukaa karibu na nyuzi 100 bila kutikisika, na iliyoziba huwa ya baridi pamoja na sehemu ya rejeta iliyo karibu nayo. Ukibaki na shaka juu ya trapu fulani, zima boila, subiri ipoe, toa kapsuli yake, upime unene wake kwa kalipa, kisha uichovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja na uipime tena haraka. Kama haikutanuka, imekufa.